Mkalimani Husema "Mimi"

Marehemu mume wangu alikuwa mtunza stoo katika shamba la majaribio la chuo kikuu kimoja upande wa Kitui. Mimi nilikuwa mwalimu wa somo la dini huku kwetu milimani, Mbooni. Tuliishi kama walivyoishi wengi wa rika letu, yeye kule kwenye joto na mimi huku kwenye baridi, tukikutana mwisho wa mwezi. Alikuja na ndengu na asali, akarudi na maparachichi na sweta niliyoifua. Namshukuru Mungu kwa ndoa ile. Naanza na shukrani kwa sababu katika yatakayofuata hazitakuwa nyingi.

Chuo kilipopata mkuu mpya, mume wangu alifurahi kuliko mtu yeyote. "Ni mtu wetu," aliniambia. "Baba yake alitoka mlima huu huu." Ilikuwa kweli. Babake mkuu huyo, Profesa kama wote walivyomwita, aliondoka hapa akiwa kijana kwenda kuchuma chai Bonde la Ufa, akaoa huko, akazaa huko. Mtoto akakulia katika Kiswahili cha mashamba ya chai, kisha katika Kiingereza cha ng'ambo, na Kikamba kikabaki kwake salamu na vyakula tu. Alikuwa msomi wa kweli, sitamnyima hilo. Alijenga maktaba. Alichimba kisima ambacho kijiji jirani kilichota bure. Siku ya mahafali alitembea mbele ya maandamano akiwa na joho jekundu, mkono mmoja umelishika pindo lisiguse vumbi, na mume wangu, aliyekuwa amealikwa kusimama na wafanyakazi wa shamba, alirudi nyumbani akinionyesha jinsi mkono ule ulivyoshika. Alimwiga kwa shuka letu. Tulicheka sana.

Mwaka uliofuata magunia matatu ya mbegu za majaribio yalikosekana stoo. Zilikuwa ndengu za aina mpya, zinazostahimili ukame, na wageni wa ng'ambo walikuwa njiani kuja kuziona. Mume wangu alisema hajui zilikokwenda. Funguo zilikuwa mbili na wa pili haukuwa wake, lakini hakuna aliyemuuliza habari za funguo. Profesa aliita mkutano wa wafanyakazi wote, wapishi, madereva, wahadhiri, chini ya hema la mahafali ya mwaka huo, lililokuwa bado halijashushwa. Akachukua kipaza sauti.

"Mzee wa stoo, simama wakuone."

Mume wangu akasimama. Alikuwa na miaka hamsini na minane na amevaa koti la kazi.

"Huyu ndiye mwizi wetu," Profesa alisema. "Mtazameni vizuri, halafu kila mtu arudi kazini."

Mume wangu alinieleza jambo hilo mara moja tu, ameketi kitandani, viatu bado miguuni. Kilichomuuma zaidi, alisema, ni kwamba alisimama. Aliitwa na mkubwa, akasimama kwa adabu, akidhani anapewa nafasi ya kujieleza.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Mvua ziliponyesha, mbegu zikaonekana. Zilikuwa Kyuso, zimeota. Mhadhiri mmoja wa kilimo alizichukua Jumamosi kwa ule ufunguo wa pili, akazipanda katika shamba dogo la chuo huko kaskazini ili ziwahi mvua, na barua aliyoiacha juu ya meza ya stoo iliangukia nyuma ya mizani. Mhadhiri huyo alikuwa mtu mwema. Alikwenda kwa Profesa akasema kosa ni lake. Kisha akapanda mlima huu kwa miguu, kwa kuwa pikipiki zilikataa matope, akaketi jikoni kwangu na kutueleza alivyojibiwa.

"Nilimwambia, 'Profesa, mzee hakuiba, ndengu ziko Kyuso, zina majani manne.' Akaniambia, 'Faili imefungwa, Daktari.' Nikamwambia, 'Basi tumwite tumwombe radhi.' Akaniambia, 'Mkuu wa chuo akianza kuomba radhi kwa watunza stoo, kesho atawaomba radhi wanafunzi.'"

Mume wangu alimkaribisha chai nyingine.

Hapa kwetu neno hufika kabla ya mwenyewe. Waliosikia kwamba amefukuzwa kwa wizi hawakusikia habari za Kyuso, au walisikia wakaona ile ya kwanza ni tamu zaidi. Wakamwita Mzee wa Ndengu. Akipita sokoni, mwenye kibanda humwita mkewe, "Mama, anika hizo ndengu mahali ninapoziona!" Watu hucheka. Alikuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, mmoja wa wale wanaoketi mbele na kugawa meza ya Bwana. Hakuna aliyemwondoa. Alijiondoa mwenyewe, akahamia benchi la mwisho karibu na mlango. Alisema mikono ambayo watu wanaitilia shaka haifai kushika mkate ule.

Ndugu yake mdogo alikuja asubuhi moja na hasira. "Shemeji," akaniambia, maana kaka yake hakutaka kusikia, "mambo haya yana dawa yake ya zamani. Twende tukale kithitu. Tule sisi, naye Profesa aletwe ale. Mwenye uongo ataona."

Kithitu ni kiapo cha wazee wetu. Anayekula kwa uongo huzika watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja, na hata waliookoka hawapendi kupita karibu na mahali kinapoliwa.

"Sisi ni watu wa kanisa," nikasema.

"Na yeye pia ni wa kanisa. Kwani kanisa limewafanyia nini?"

"Kuna Mungu."

"Shemeji, Mungu ana watu wengi. Kithitu kina kazi moja tu."

Nilikataa. Lakini lazima niseme ukweli. Nilikataa kithitu, kisha nikaenda kumwomba Mungu afanye kazi ile ile. Maombi ya namna hiyo yamo katika Maandiko, na yale yanayoyakataza yamo pia. Ya kwanza niliyasoma nikiwa nimepiga magoti, ya pili nikiwa nimeketi. Sikuomba Profesa afe, wala watoto wake wadhurike. Niliomba jambo moja. Niliomba asimamishwe mbele ya watu wengi, kwenye kipaza sauti, neno mwizi lirudi mdomoni mwake alimolitoa, alimeze. Nilimkumbusha Mungu kila alfajiri, kwa utulivu, kama mtu anavyoikumbusha ofisi ya chifu. Mume wangu aliaga dunia mwaka wa nne baada ya kufukuzwa, akiwa bado mtu wa benchi lile la nyuma alilolichagua mwenyewe. Niliendelea kukumbusha.

Baadaye tulisikia Profesa amestaafu. Halafu tukaona picha yake kwenye nguzo za umeme, ametabasamu, amevaa shati la kitenge. Alikuwa anatafuta kiti cha bunge, na huku mlimani ndiko alikotaka kuanzia, kwa babu zake.

Mimi ni mkalimani wa kanisa letu. Tuna ibada mbili. Ya Kiingereza huongozwa na mchungaji katika jengo la chini, nayo ni ya vijana. Ya Kikamba ni ya sisi wazee, katika kanisa lenyewe la mawe. Mgeni asiyejua Kikamba akija kwetu, mimi husimama kushoto kwake. Nilizaliwa Kalamba, tambarare, ambako watu husema upesi, na nimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Ina sheria moja inayowashangaza wageni. Mkalimani husema "mimi". Mhubiri akisema "Mimi nilikuwa mlevi," sisemi "Anasema alikuwa mlevi." Nasema, "Mimi nilikuwa mlevi." Nimekuwa mlevi, askari, mfungwa, mtoto wa chifu, mtu aliyefufuliwa hospitalini. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuongeza neno wala kupunguza. Hata mhubiri akikosea mlango na mstari, nilikosea pamoja naye.

Jumapili aliyokuja Profesa, magari yao yalishindwa na mwinuko, wakapanda kwa miguu. Aliingia akihema, akapangusa jasho kwa leso. Alikuwa amenenepa. Wazee walimkalisha mbele. Mmoja wao akaniita.

"Mwalimu, mgeni ni wako."

Profesa alinisalimia kwa mikono miwili. "Mama, utanisaidia? Kikamba changu ni cha kuombea chakula tu." Wazee wakacheka. Hakunijua. Kwa nini anijue? Hakuwahi kumjua hata mume wangu, alimsimamisha tu.

Nawaambia haki ya Mungu, nilisimama kushoto kwake nikiwa nimekusudia kutafsiri vizuri. Nilikuwa nimeomba alfajiri kama kawaida, na kama kawaida nilikuwa nimemwachia Mungu achague siku. Alianza kwa Kiingereza, maana Kiswahili aliona ni cha mashamba ya chai, kwa sauti nzuri ya kufundishia. Akasalimu, nikasalimu. Akataja babu yake, nikataja babu yangu. Akasema barabara hii ni aibu, nikasema ni aibu, na bibi mmoja akaitikia kwa nguvu kwa sababu alianguka hapo wiki iliyopita. Kisha akanyanyua kidole.

"Mnaniuliza kama naweza kupigana na wizi," alisema. "Nilipokuwa mkuu wa chuo kikuu nilikuta wezi. Nikawasimamisha mbele ya watu mmoja mmoja, nikawafukuza. Hakuna aliyebaki. Ulizeni Kitui."

Akanyamaza kunisubiri.

Nilisikia kanisa lote limenyamaza pamoja naye. Nyuso mia moja na zaidi zilikuwa zimeelekezwa kwangu, nyuso za watu waliouambia mgongo wa mume wangu maneno. Nikafungua kinywa, na Kikamba kikatoka, Kikamba cha Kalamba, cha haraka, chenye maneno ya kale ambayo hata wajukuu wangu huyauliza.

"Mnaniuliza habari za wizi," nilisema. "Nilipokuwa mkuu wa chuo kikuu, mbegu zilipotea. Nikamsimamisha mzee mmoja mbele ya watu, nikamwita mwizi, nikamfukuza. Mzee yule alikuwa wa kanisa hili. Hakuiba. Mbegu zilikuwa zimepandwa Kyuso na mtu mwingine, nami nililetewa habari hizo, nikakataa kumrudishia mzee jina lake. Amekufa na neno langu. Ulizeni Kitui."

Hakuna aliyeitikia. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee niliyefanya naye kazi na ambaye Kiingereza anakijua kunishinda, aliinua kichwa akanitazama. Nikamtazama. Akafungua kitabu cha nyimbo, ingawa hakukuwa na wimbo, akaanza kutafuta ukurasa.

Profesa aliona watu wamenyamaza, akadhani hotuba imewaingia. Akaitikia kwa kichwa polepole, kwa uzito, na kuweka mkono kifuani. "Ni kweli," akasema kwa Kikamba chake kidogo. "Ni kweli kabisa."

Bwana, nilingoja mawe. Niliwaza watamzomea, watamwonyesha mlango, atashuka mteremko ule akiteleza. Nililiona tayari lile shati la kitenge likiwa na matope. Badala yake yule bibi wa barabara aliinuka, akatembea hadi mbele akiegemea fimbo, akamshika Profesa mikono yote miwili na kulia. Akaja wa pili. Mwenye kibanda cha sokoni, yule wa "anika ndengu ninapoziona", alikuwa anafuta macho kwa kofia. Mzee mwenye zamu ya kuongoza ibada akasema hajawahi katika maisha yake kumsikia mkubwa akitubu kabla ya kukamatwa. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani. Profesa alikuwa anang'aa. Na mimi nilisimama kushoto, mkalimani asiye na kazi, nikiona kisu nilichokinoa miaka yote kinakatiwa keki.

Baada ya ibada wageni hupewa chai katika chumba cha wazee. Profesa alikuwa na mandazi mkononi aliponiambia, "Mama, una kipaji. Watu hawajawahi kunipokea hivi."

Msaidizi wake, mwanamume mfupi wa huku huku kwetu, alifunga mlango. Alikuwa anajizuia kucheka.

"Prof, unajua umesema nini leo?"

"Nimesema nilipigana na wezi."

"Hapana. Umesema ulimwita mzee wa watu mwizi bure, ukajua ni bure, ukanyamaza. Halafu ukaweka mkono hapa, ukasema ni kweli kabisa."

Profesa aliweka andazi chini. Akanigeukia. "Wewe ni nani?"

"Mke wa mzee wa stoo."

Nilimwona akitafuta. Alitafuta katika stoo zote za maisha yake, hakumpata. Hilo lilinikasirisha kuliko yote. "Chini ya hema la mahafali," nikamsaidia. "Koti la kazi. Ulimwambia asimame."

"Naweza kukushtaki," alisema.

"Nishtaki. Mahakama ikitaka mkalimani wa Kikamba, nitakuja hata bila kuitwa mara mbili."

Msaidizi akacheka waziwazi. "Mwaitu," akaniita, yaani mama yangu, "wewe ni hatari." Kisha akamgeukia bosi wake na kicheko kikaisha. "Prof, nisikilize. Ukikana, utakuwa umetubu saa nne na kukana saa sita. Hata Petro alingoja usiku. Wamama wameshashuka na habari mpaka sokoni. Kura za mlima huu umezipata leo, na umezipata kwa hilo tu. Barabara hawakuisikiliza hata kidogo."

Uso wa Profesa ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu ambayo jibu lake halipendi. Mwishowe akaniuliza, kwa Kiswahili cha chai, bila cheo, "Unataka nini, Mama?"

"Useme mwenyewe," nikasema. "Jumapili ijayo. Kwa Kiswahili, bila mkalimani. Na umtaje jina."

Alikuja. Alisimama pale pale, karatasi mkononi, akasema. Alilisema jina la mume wangu kwa usahihi, majina yote matatu. Alisema neno mwizi, na akasema kwamba lilikuwa uongo na lilitoka kinywani mwake. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilimtazama koo nikaona likimeza, na nikasema ndani yangu, asante, Bwana, umenipa umri mrefu wa kutosha kuona koo hili.

Wiki hiyo nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza nilichofanya. Aliniuliza kama najuta. Nikamwambia najutia kusema "mimi" mahali ambapo haikuwa mimi, na kuchafua kazi niliyoifanya kwa uaminifu zaidi ya miaka thelathini. "Na mengine?" akauliza. Nikamwambia mengine sijayafikia. Aliniondoa kwenye ukalimani, na alifanya haki. Siku hizi anasimama pale binti wa mwenye kibanda. Anaongeza maneno sana. Jina la mume wangu limeandikwa upya katika ubao wa wazee wa kanisa, kwa rangi mbichi kuliko majina mengine, na hakuna mtu tena anayesema Mzee wa Ndengu.

Profesa alishinda. Sitaficha kwamba siku matokeo yalipotangazwa nilikataa chakula cha jioni. Niliona Mungu amenijibu kama wakubwa wanavyojibu barua, amenipa nilichoandika na kumpa adui ushindi niliokuwa nimeutaka mimi. Nililala na hasira hiyo miezi kadhaa. Mume wangu ana jina, yule ana kiti, na ngazi aliyopandia ni mgongo wa mume wangu kwa mara ya pili.

Kisha nikaanza kusikia habari. Alikwenda kufungua zahanati upande wa Kalamba, kwa ndugu zangu. Dada yangu alikuwepo. Profesa alianza kusoma hotuba ya dawa na vitanda, na watu wakapiga makofi ya adabu, mpaka mama mmoja akapaza sauti, "Mheshimiwa, tuambie ile ya mzee!" Wengine wakaitikia, "Ile ya mzee!" Akajaribu kurudi kwenye vitanda, wakakataa. Ikambidi aeleze yote, hema, koti la kazi, Kyuso, jina. Watu walitoka machozi. Wiki mbili baadaye, kwenye mazishi, waombolezaji walimwomba ile ya mzee. Kwenye harusi, bibi harusi aliiomba. Msaidizi wake, ambaye hunisalimia nikikutana naye sokoni, ameniambia Profesa sasa hulala vibaya kabla ya mkutano wowote. Anaandaa hotuba za elimu na maji, na anajua hawatamwachia kipaza sauti mpaka asimame aseme kwamba yeye ndiye aliyedanganya. "Mwaitu, tulipopita karibu na chuo kile majuzi," alisema, "alifunga dirisha la gari."

Mwezi uliopita kanisa lilifanya ibada ya shukrani kwa ajili yake. Mchungaji, kwa kutaka amani, aliniomba mimi niombe maombi ya kumbariki mheshimiwa. Profesa aliinamisha kichwa mbele yangu, nami nikaweka mkono juu yake. Nywele zilikuwa zimebaki chache, zina joto. Niliomba kwa Kiswahili, kwa moyo wote, na watu wanasema hawajawahi kunisikia nikiomba hivyo. Nilimwomba Mungu ampe afya. Nilimwomba ampe sauti isiyokauka. Nilimwomba ampe kipindi cha pili, na cha tatu, na cha nne, na wapiga kura wenye kumbukumbu ndefu.

Kanisa lote likaitikia amina. Mkononi mwangu nilihisi kichwa chake kikijaribu kuinuka. Alikuwa amenielewa, na ilimbidi aseme amina pia.